Kupunguza mbwa wa mtaani kwa utu: maana yake ni nini?

Gari la matangazo likipita Ngamiani, hapa mjini Tanga, na spika juu, kwa kawaida ni msiba, mechi, au maji yatakatika. Siku moja lilileta habari ya mbwa: kila mwenye mbwa amfungie, atakayekutwa anazurura usiku mwenyewe asije akamlaumu mtu. Asubuhi yake mtaani kwetu palikuwa na mizoga minne ya mbwa, na kunguru wawili wamekufa kando ya vipande vya nyama. Mmoja wa wale mbwa tulimjua sote, wa fundi baiskeli wa pale kona. Alikuwa amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa. Fundi alitoa kadi yake kwenye kopo la viraka akatuonyesha, kana kwamba kadi ingemfufua. Haukupita muda akaenda Pongwe kwa shemeji yake, akarudi na kitoto cha mbwa kwenye kikapu cha baiskeli. Hakijachanjwa.

Nimeanza na fundi kwa sababu ndani ya kisa chake mna karibu kila kitu anachohitaji mtu ili aelewe maana ya kusimamia idadi ya mbwa kwa utu. Kwa maneno mepesi, ni kupunguza mbwa wanaozurura, pamoja na madhara yao, kwa kuziba pale wanapotokea badala ya kuwaua waliopo, na bila kumtesa mnyama. Si njia moja. Ni kazi kadhaa zinazokwenda pamoja: chanjo, kuzuia uzazi, usafi wa taka, na kumfanya mwenye mbwa awajibike. Kuua kumo pia, lakini kwa sababu maalumu, na nitakufikia huko.

Mzee mmoja barazani aliniuliza, "Mwanangu, utu na mbwa wapi na wapi?" Swali zuri. Utu unaosemwa hapa si wa mbwa, ni wa yule aliyeshika wavu au sindano. Kwenye sheria neno ni ustawi wa wanyama, na Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008. Mimi nimeshikilia "utu" kwa kuwa unamrudishia mtu swali.

Sasa, mbwa koko ni nani? Tukisema mbwa koko tunafikiria mnyama asiye na kwao, aliyezaliwa jalalani na atakayefia jalalani. Wapo, lakini ni wachache kuliko tunavyodhani. Watafiti waliohesabu mbwa mjini Iringa, wakachapisha matokeo yao 2012, walikuta wasio na mwenyewe kabisa ni wachache mno. Wengi wa wanaozurura wana nyumba. Jioni mtu anafungua mlango, mbwa anatoka kujitafutia, alfajiri anarudi kulala uvunguni mwa mkokoteni. Kuna na wa aina ya katikati, wa watu wote na si wa mtu: yule anayelala nje ya ghala, mlinzi wa usiku anamkatia tonge la ugali, mama ntilie anamtupia mifupa, na akiuma mtu kila mmoja anasema si wangu. Ukiwaita wote koko, umeshafuta jina la mwenyewe, na hapo hakuna tena wa kuulizwa kuhusu chanjo wala watoto wa mbwa waliotupwa kwenye mtaro.

Kwetu pwani kuna jambo la kuongeza. Mji huu ni wa misikiti, na mate ya mbwa kwa madhehebu ya Shafii ni najisi: chombo alichoramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Wazee wana msemo, ukicheza na mbwa atakufuata msikitini. Basi wengi wanaona habari za mbwa ni za watu wengine, za wale wenye majumba ya ukuta Raskazone. Lakini fikihi hiyohiyo imeruhusu mbwa wa ulinzi, wa kuwinda na wa mifugo, na kila mtoto wa madrasa anakijua kisa cha mtu aliyeteremka kisimani akamchotea maji kwa kiatu mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, akasamehewa dhambi zake. Najisi ni hukumu ya kuosha. Haijamhukumu mnyama kufa. Matokeo ya desturi yetu yako kwingine: mbwa wa hapa hajazoea mkono wa mtu. Hajawahi kufungwa kamba. Siku ya chanjo mwenyewe hathubutu kumshika, anamwambia bwana mifugo, "Mkamateni nyie." Ndiyo maana kwenye vituo vya chanjo wanaoleta mbwa mara nyingi ni watoto. Wao ndio wanaocheza nao.

Na watoto ndio wanaong'atwa. Katika kila watu 10 wanaokufa kwa kichaa cha mbwa duniani, wanne hivi ni watoto wa chini ya miaka 15. Jumla ya vifo hukadiriwa kufika 59,000 kwa mwaka, karibu vyote Afrika na Asia, na karibu vyote kwa kung'atwa na mbwa. Ugonjwa ukishaonyesha dalili karibu hakuna anayepona. Kabla ya dalili unazuilika, na hatua ya kwanza haina gharama: kuosha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya sindano, na sindano zenyewe kumalizwa zote kwa tarehe zilizoandikwa. Kupaka mafuta ya taa au pilipili hakusaidii kitu.

Kwa hofu hiyo watu wakisema mbwa wauawe, siwacheki. Tatizo ni kwamba haifanyi kazi. Kisiwa cha Flores kule Indonesia kilikuwa hakina kichaa cha mbwa hadi 1997, ulipoingia na mbwa walioletwa kwa mashua. Serikali ikaamua kuua. Mbwa walioangamizwa walikuwa wengi ajabu, karibu nusu ya mbwa wote wa kisiwa, na ugonjwa ukabaki palepale. Kisiwa cha Bali, hukohuko Indonesia, nacho walianza kwa kuua ulipoingia 2008, wakaja kugeukia chanjo ya kisiwa kizima.

Kwa nini hivyo? Rudi kwa fundi. Anayekufa kwanza kwa nyama yenye sumu au kwa risasi ni mbwa mpole anayesogelea watu, yaani hasa yule aliyekuwa rahisi kumchanja. Mwenye akili ya kujificha amebaki. Jirani aliyesikia tangazo amemhamishia mbwa wake Muheza usiku, na kama alikuwa na virusi, virusi navyo vimesafiri. Chakula kilichokuwa kinaliwa na wanne sasa kinaliwa na wawili, kwa hiyo majike waliobaki wananenepa na watoto wao wengi zaidi wanapona. Na kila aliyepoteza mlinzi wa nyumba analeta mwingine, mdogo, asiye na kinga. Mwaka haujaisha idadi imerudi, ila umri umeshuka na chanjo imeshuka. Sumu nayo haichagui. Wale kunguru wawili sikuwasikitikia sana, nakiri, lakini paka na kuku wa watu hula hapohapo, na mtoto anayetambaa pia huokota.

Chanjo inafuata hesabu nyingine kabisa. Surua inasambaa kwa kasi, mgonjwa mmoja anaweza kuambukiza zaidi ya 10 pale ambapo hakuna aliyechanjwa. Kichaa cha mbwa ni kizito kusambaa: kwa wastani mbwa mmoja mgonjwa hawafikishi wawili anaowaambukiza. Kwa hiyo huhitaji kumkamata kila mbwa. Ukichanja 70 kati ya 100, mwaka hadi mwaka, mnyororo unakatika. Ugumu ni huo "mwaka hadi mwaka". Mbwa wa kuachiwa wana maisha mafupi, wengine wanagongwa na magari, wengine njaa na minyoo, na nafasi zao zinajazwa na watoto wapya wasio na sindano hata moja. Ile 70 ya Julai, Julai inayofuata huenda ni 40.

Mfano uko ng'ambo tu ya maji. Pemba walichanja mbwa kisiwa kizima, kichaa kikatoweka 2014, kikaingia tena 2016, wakachanja tena, na kufikia 2018 kilikuwa kimekwisha kwa mara ya pili. Ukitazama majahazi yanavyokwenda na kurudi kati ya hapa na Wete utaelewa kwa nini Tanga haiwezi kusema mambo ya Pemba hayatuhusu, wala Pemba kusema ya Tanga.

Kuzuia uzazi ndiyo sehemu ambayo watu huifikiria kwanza wakisikia neno utu, na ndiyo ghali kuliko zote. Utaratibu unaojulikana zaidi ni kumkamata mbwa kwa wavu, kumlaza kwa dawa, kumfanyia upasuaji asizae tena, kumchanja, kumkata alama ndogo sikioni ili ajulikane kwa mbali, na kumrudisha palepale alipotoka. Hilo la kumrudisha huwashangaza watu. Mmemshika, mbona mnamwachia? Kwa sababu mbwa ana eneo lake, na mbwa mgeni halikaribii kirahisi. Ukimwondoa, eneo liko wazi na atakayekuja hujui ametoka wapi na ana nini. Aliyerudishwa ana kinga, hazai, na bado anamfukuza mgeni.

Ukiwa na fedha kidogo, anza na majike. Dume mmoja aliyekwepa wavu anatosha kuwapanda majike wa mtaa mzima, hivyo kuhasi madume 20 kunaweza kusibadilishe idadi hata kidogo. Jike hubeba mimba siku 63 hivi, na anaweza kuzaa karibu mara mbili kwa mwaka, watoto wanne hadi wanane kwa mzao mmoja. Mji wa Jaipur, India, ulianza kazi hii 1994, ukikazania majike na chanjo. Ndani ya miaka minane hivi mbwa wa mtaani walipungua kwa zaidi ya robo, na vifo vya kichaa vya watu katika eneo la mradi vikakoma. Ni miaka minane hiyo, na wenzetu walikuwa na madaktari wa kutosha. Kwa mji usio na uwezo huo ningesema chanjo kwanza, tena bila kusitasita, kisha uzazi kadiri mfuko unavyoruhusu. Kufunga kizazi mbwa 50 na kuacha 2,000 bila chanjo ni kupiga picha nzuri tu.

Taka sitazisemea sana, kila mtu anaona. Pale Deep Sea, kwenye mwalo wa samaki, samaki wakishapaliwa, matumbo yakiachwa chini, umewaandikia mbwa barua ya mwaliko. Vivyo hivyo bucha linalotupa mifupa nyuma ya kibanda, na kontena la taka lililofurika siku nne. Idadi ya mbwa hufuata chakula. Pipa lenye mfuniko linapunguza mbwa, ingawa hakuna mgeni rasmi atakayekuja kulizindua.

Kuhusu kuua. Mbwa mwenye dalili za kichaa, aliyegongwa akavunjika kiuno, au mkali aliyeshindikana, huyo anauawa, na hakuna mtaalamu wa ustawi wa wanyama atakayekukatalia. Tofauti ni namna: sindano ya dawa ya usingizi kwa kipimo kikubwa, mnyama analala kisha moyo unasimama. Sumu ya strichinini kwenye nyama si hivyo. Inakaza misuli mwili mzima, na mbwa anakufa akiwa na fahamu zake. Aliyewahi kuiona alfajiri akienda kuswali hahitaji maelezo yangu.

Watu huniuliza pia utajuaje kama kazi inafanikiwa, maana mbwa hawakai foleni wahesabiwe. Ipo njia, na kwa mji wa baiskeli kama huu ni rahisi. Chagua njia moja, tuseme kutoka Chumbageni ukatize barabara za Ngamiani hadi Makorora. Ipitie kwa baiskeli alfajiri kukipambazuka, kabla soko la Mgandini halijachangamka, na andika kila mbwa unayemwona: dume, jike, mtoto, aliyekatwa sikio, aliyekonda mbavu nje. Majike wenye matiti yaliyojaa maziwa waandike peke yao, kwa sababu hao ndio wanaokuonyesha uzazi kabla idadi yenyewe haijabadilika. Rudia baada ya mwaka, mwezi uleule, saa ileile, njia ileile. Na beba kijiti, maana wale wa karibu na machinjio baiskeli hawaipendi.