Kilwa Ilijengwa na Nani? Acheni Kujibu kwa Neno Moja

Nafundisha historia vijana wanaojiandaa kuwa waongoza watalii hapa Dodoma, na kila kundi jipya linaingia darasani na jibu lilelile: Kilwa Kisiwani ilijengwa na Waarabu. Safari hii mmoja akaongeza, tena kwa kujiamini, kwamba Mwafrika alijua tembe tu, mawe na chokaa aliletewa. Nimechoka kulijibu hili kwa mdomo.

Gereza nalipita haraka. Hiyo ngome ya ufukweni waliianza Wareno mwaka 1505, Waomani wakaja kuijenga upya baadaye sana. Waomani wenyewe waliishika Kilwa mwishoni mwa karne ya 18. Sehemu ya kwanza ya Msikiti Mkuu ni ya karne ya 11, na upanuzi wenye makuba ni wa karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Msikiti umewatangulia Waomani kwa karne nyingi, na hesabu hiyo peke yake ingetosha kuwanyamazisha watu.

Lakini tazameni ujenzi. Kuta ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa. Kwa kibla, yaani kishubaka anaposimama imamu, na miimo ya milango, mafundi walitumia matumbawe mabichi yaliyokatwa majini: yakiwa na unyevu yanachongeka vizuri, yakikauka yanakuwa magumu. Kazi hiyo inamtaka mtu anayeijua bahari ya palepale. Dari ililazwa juu ya boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba. Ndiyo maana vyumba vya Songo Mnara, mji mwingine wa mawe kwenye kisiwa jirani, ni virefu lakini vyembamba. Mgogo aliyewahi kujenga tembe anaielewa hesabu hiyo bila kufundishwa, maana paa la udongo ni zito na miti ndiyo inayoamua nyumba iwe na upana gani.

Na chini ya mawe hayo? Mwanaakiolojia Neville Chittick alipochimba Kilwa miaka ya 1960, tabaka za chini zilitoa vigae vya vyungu vya kienyeji, mabaki ya nyumba za miti na udongo, na mavi ya chuma. Watu walikuwa wanaishi pale, wanavua na kufua chuma, kabla nyumba za mawe hazijaanza.

Sasa wapo wanaosikia hayo wakarukia upande wa pili: basi hakuna mgeni aliyekuwepo, Ushirazi, yaani simulizi kwamba watawala wa Kilwa walitoka Shirazi huko Uajemi, ni hadithi tupu. Hao nao wananiudhi, pengine zaidi, kwa sababu wanadhani wananiunga mkono. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya vinasaba vya mifupa ya kale kutoka miji ya pwani, Kilwa na Songo Mnara zikiwemo. Kwa wengi wao, zaidi ya nusu ya asili ilikuwa ya Kiafrika, hasa kwa upande wa wanawake. Sehemu kubwa ya iliyobaki ilitoka Asia, na hapo wengi walikuwa wanaume wa Uajemi. Kuchanganyika kulianza yapata mwaka 1000. Yaani wazee waliosimulia habari za Shirazi hawakutunga tu. Waajemi walioa katika jamii iliyokuwa na mji wake, na watoto wakaendelea kusema Kiswahili, lugha ya Kibantu.

Tahadhari moja ambayo vitabu vya shule haviisemi: mifupa hiyo mingi ni ya watu wa daraja la juu, waliozikwa karibu na misikiti. Mvuvi na mchoma chokaa hawamo sana humo.

Tarehe ya kuanza kwa ukoo wa Kishirazi uliotawala Kilwa nayo ina ubishi. Chittick aliuweka mwishoni mwa karne ya 12. Halafu mwaka 1984 zikafukuliwa Mtambwe Mkuu, Pemba, sarafu za fedha, zikiwemo zenye jina la Ali bin al-Hasan, anayesimuliwa kuwa mwanzilishi wa ukoo huo, pamoja na dinari za dhahabu za Wafatimi, watawala wa Misri, za karne ya 11, na wataalamu wengi wakairudisha tarehe nyuma. Mimi niko nao. Ila sarafu hizo za Ali bin al-Hasan hazina mwaka, tunazipa umri kwa sababu ya dhahabu iliyokutwa kando yake, kwa hiyo mwanafunzi akinibana hapo namwachia nafasi ya kubisha.