Je, wajua kwa nini kioo cha darubini ya angani hushikwa bila kubanwa?

Darubini ya James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021 kwa roketi ya Ariane 5 kutoka Kourou huko Guyana ya Ufaransa, ina kioo kikuu chenye upana wa mita 6.5. Kioo hicho ni vipande 18 vya pembe sita vilivyopangwa kama sega la nyuki, kila kimoja kikiwa na mita 1.32 kutoka ubavu hadi ubavu. Uso wa kila kipande unaruhusiwa kukosea nanomita 20 hivi kwa wastani, wakati unywele mmoja wa kichwani una unene wa karibu nanomita 80,000. Kioo hicho lazima kishikwe na kitu, kirushwe na roketi inayotikisa kila kilichomo, kisha kipoe hadi nyuzi 230 hivi chini ya sifuri kikiwa na sura ile ile iliyokusudiwa.

Anayeanza kubuni vishikio vya kioo huwa na wazo la haraka: weka boliti nyingi, kaza sawasawa, hakitacheza. Wazo hilo ndilo linaloharibu vioo.

Chungu kilichoinjikwa kwenye mafiga matatu hakiyumbi hata kama sakafu ya jiko ina mabonde, kwa sababu mafiga matatu hukubaliana daima. Ongeza figa la nne: chungu kitakalia matatu na kuliacha moja, na kikiguswa kitayumba. Sasa tuseme hutaki kiyumbe, ukakilazimisha kwa boliti kishuke hadi kwenye lile la nne. Chungu cha udongo kitapasuka. Kioo cha darubini kitapinda, na hasara ni ile ile. Boliti ya nne ikikaa mikroni 5 tu (nanomita 5,000) nje ya usawa wa zile tatu, kipimo ambacho fundi hodari wa mashine angekifurahia, kuikaza kunaivuta pembe ya kioo kwa kiasi kilicho mara 250 ya kosa linaloruhusiwa.

Kitu chochote kigumu kina njia sita za kusogea: mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini, halafu kuzunguka katika kila mmoja wa mihimili hiyo mitatu. Kishikio kilichobuniwa vizuri huziba kila njia mara moja tu. Ukiziba tano, kioo kitacheza. Ukiziba saba, vizuizi viwili vitagombana na kioo ndicho kitakachoumia.

Ndiyo maana kila kipande cha Webb kimesimama juu ya miguu sita iliyopangwa kwa jozi tatu. Kila mguu hubeba nguvu kwa urefu wake pekee, kwa kuwa ncha zake zina viungo vinavyokubali kupinda pembeni. Ukirefusha au kufupisha mguu mmoja, kipande kizima kinahama au kuinama bila kusokotwa, kwa sababu miguu mingine mitano haina la kupinga. Kila mguu una mota yake yenye gia inayosogea kwa hatua zisizofika nanomita 10. Mota hiyo moja hufanya kazi mbili, mwendo mrefu wa milimita kadhaa na ule mdogo wa nanomita, na kwa njia hiyo nyaya, uzito na joto vimepunguzwa. Katikati ya kila kipande kuna mota ya saba, inayovuta au kusukuma pembe zake sita kupitia fito ili kurekebisha ubonde wa kioo. Vipande 18 vina mota 126, na kioo cha pili kinachoning'inia mbele kina sita zake: jumla 132.

Viungo hivyo vinavyopinda vinastahili kuangaliwa kwa karibu, maana ndivyo vinavyobeba siri ya kazi yote. Bawaba ya kawaida yenye pini haifai. Ina msuguano, ina nafasi ya kucheza, na mafuta yake huganda kwenye baridi au kuvukia kwenye ombwe. Badala yake fundi huchonga pande moja la metali, mara nyingi titani, na kuacha sehemu moja nyembamba kama bamba. Sehemu hiyo ndiyo kiungo. Hesabu yake inamfaa mbunifu: unene wa bamba ukipunguzwa nusu, ugumu wake wa kupinda unashuka mara nane, lakini ugumu wake wa kubeba kwa urefu unashuka mara mbili tu. Unapata kitu laini upande unaoutaka na kigumu upande mwingine. Tamaa ya kuendelea kulipunguza bamba huishia kwenye roketi, kwani likizidi wembamba litajikunja au kukatika wakati wa mitikisiko. Unene wa mwisho hupatikana kwa kuzipatanisha hesabu hizo mbili, na kwa kawaida mbunifu huzirudia mara nyingi sana kabla ya chuma chochote kukatwa.

Pointi tatu tu zikibeba kipande cha mita 1.32, sehemu zilizo katikati zingelegea. Hapa hutumika kanuni ya mzega. Mchukuzi huweka bega katikati ya mti, na mizigo miwili ya ncha hujigawia uzito yenyewe. Nyuma ya kioo, kila moja ya pointi tatu hushikilia mzega mdogo, na mzega hushika kioo katika sehemu kadhaa. Sehemu zilizoshikwa zimekuwa nyingi, lakini kwa hesabu ya kuzuia bado ni tatu.

Kisha inakuja baridi. Vipande vya Webb ni vya berili, metali nyepesi na ngumu ambayo kwenye baridi kali karibu haitanuki wala kusinyaa tena. Hata hivyo, katika safari ya kutoka joto la karakana hadi huko, inasinyaa: kipande cha mita 1.32 hupungua zaidi ya milimita moja na nusu. Kiunzi cha nyuzi za kaboni kilicho nyuma yake karibu hakipungui kabisa. Kama vingekazwa pamoja, kioo kingejikunja kama ubao uliopigiliwa msumari ukiwa mbichi. Viungo vinavyopinda vinaiachia tofauti hiyo ipite kuelekea katikati ya kipande. Mabaki madogo ya mpindo yaliondolewa kwa kusugua: kioo kilipozwa, kikapimwa kilivyopotoka, kikarudishwa kwenye joto na kusuguliwa kwa makusudi kikiwa na kosa la kinyume, ili kikipoa kiwe sahihi. (Vumbi la berili ni sumu kali kwa mapafu, hivyo uchongaji wake hufanyika kwenye karakana zenye mifumo maalumu ya kuvuta hewa. Na uchongaji ni mwingi: pande la zaidi ya kilo 200 huishia kuwa kioo cha kilo 20 hivi.)

Wako waliochagua njia nyingine. Darubini ya Spitzer ilijengwa kwa berili karibu yote, kioo na kiunzi, ili visinyae pamoja. Darubini ya Gaia ya Ulaya ilitumia kabidi ya silikoni, aina ya kauri ngumu, pamoja na pete kubwa ya mita 3 hivi iliyounganishwa kutoka vipande 17. Hubble, ambayo kioo chake ni cha glasi isiyotanuka kwa urahisi, hutumia hita kukiweka karibu nyuzi 21. Penye glasi huongezeka tatizo la gundi: vibati vya metali hugandishwa nyuma ya kioo kwa epoksi, na epoksi ikikauka hunywea na kuvuta uso. Tiba yake ni vibati vidogo, unene wa gundi uliodhibitiwa, na kuvibandika mahali ambapo glasi ni nene.

Kiunzi cha nyuma cha Webb hubeba kilo 2,400 hivi za vioo na vifaa, na kilitakiwa kisisogee zaidi ya nanomita 32 kikiwa kwenye baridi hiyo. Nyuzi za kaboni zikipoa hurefuka kidogo, ilhali utomvu unaozishika husinyaa. Kwa kupanga tabaka kwa pembe tofauti, mbunifu hufanya tabia hizo mbili zifutane. Adui aliyejificha ni unyevu. Malighafi hiyo hunywa maji ya hewani, kisha huyaachia kwenye ombwe na kunywea. Kiunzi cha Hubble kilifanya hivyo kwa miaka, na kioo chake cha pili kikalazimika kusogezwa hatua kwa hatua, jumla zaidi ya mikroni 150, ili picha zisififie.

Wakati wa kurushwa, utaratibu wote hugeuzwa. Kioo kilichoshikwa kilaini kingejipigapiga, kwa hiyo vipande vya Webb viliegeshwa kwenye vizuizi vya muda, na mabawa mawili ya kioo, kila moja likiwa na vipande vitatu, yakakunjwa na kufungwa. Desemba 2016, katika jaribio la mtikisiko kwenye kituo cha Goddard cha NASA, vipimo vilionyesha mshtuko usiotarajiwa. Chanzo kilikuwa vifungo vya bawa mojawapo vilivyokuwa vikicheza kwa kiasi kidogo mno. Jaribio lilisimamishwa, sababu ikaeleweka, likaendelea Januari 2017. Nafasi ya kucheza ni hatari kuliko ulaini, kwa sababu ulaini unahesabika, lakini kiungo kinachogonga hakina hesabu ya kuaminika.

Januari 2022, vipande viliondolewa kwenye vizuizi kwa kuinuliwa milimita 12.5, mota zikipewa zamu, kazi iliyochukua siku kumi hivi. Baadaye waendeshaji waliona vipande vikiinama kidogo ghafla mara kwa mara: mkazo uliobaki ndani ya kiunzi tangu ujenzi na kupoa ulikuwa unaachia mahali fulani. Mei 2022 kimondo kidogo kilikipiga kipande kiitwacho C3 na kuacha kovu la kudumu. Matukio yote mawili yalirekebishwa kwa miguu ile ile. Vipande vilivyoinama vilirudishwa kwenye mstari, na C3 ikasogezwa kiasi cha kufuta sehemu ya upotofu ule. Upotofu uliobaki ni wa sura ya uso wenyewe, na huo mguu hauufikii.