Kufunga waya wa kudumu wa chaja kwenye gari la spoti

Kinachoua betri nyingi za magari ya spoti ni kusimama. Gari la kazi linachajiwa kila siku na oltaneta yake, yaani jenereta inayozungushwa na injini. La spoti linatoka siku moja ya hali nzuri, linarudi, linafunikwa turubai, na humo chini ya turubai linaendelea kula umeme. King'ora kinakesha, kipokezi cha rimoti kinasubiri ufunguo, kompyuta mbili tatu hazilali kabisa. Gari lililotulia kuvuta miliampea 20 hadi 50 ni jambo la kawaida. Chukua hizo 50: kwa saa 24 ni ampea-saa 1.2. Betri ya ampea-saa 60 itabaki nusu baada ya siku 25, na hapo hakuna chochote kilichoharibika kwenye gari.

Shida ni kwamba betri ya risasi na asidi haipendi kukaa nusu. Ikiwa imejaa na imepumzika, mita inasoma volti 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.2, imebaki takriban nusu. Ikikaa hivyo muda mrefu, salfeti ya risasi iliyoganda kwenye sahani zake hugeuka fuwele ngumu, na chaja ikija baadaye haiwezi kuziondoa zote. Betri inarudi, lakini hairudi ile ile.

Wenye magari haya wanalijua hilo, na wengi tayari wana chaja nzuri ya kutunza betri. Iko kabatini. Nikiangalia gari naelewa kwa nini: kuifikia betri ni kazi. Iko chini ya zulia la buti, au nyuma ya kiti, au chini ya trei ya plastiki yenye skrubu kadhaa. Porsche 911 ya kizazi cha 997 ina kichekesho chake: betri iko mbele, chini ya boneti, na boneti yenyewe inafunguliwa kwa umeme. Betri ikiisha, mlango wa kuifikia umefungwa na betri hiyo hiyo. Watengenezaji waliweka nguzo ya chanya ya kuvuta nje kwenye kisanduku cha fyuzi miguuni mwa dereva, ili uazime umeme wa kufungulia. Inasaidia, lakini nani anataka kufika huko?

Ndiyo maana nafunga waya wa kudumu: nyaya mbili kutoka kwenye betri, zinaishia kwenye soketi ndogo yenye kifuniko cha raba mahali ambapo mkono unafika. Ukiegesha, unachomeka. Sekunde tano.

Kuhusu chaja nitasema machache. Itakiwayo ni ile inayofikisha betri volti 14.4 au zaidi kidogo, kisha ikiona imejaa inashuka hadi karibu 13.5 na kuishikilia hapo, hata miezi. Angalia aina ya betri kwanza. Baadhi ya magari ya spoti yana betri ya lithiamu ili kupunguza uzito, na hiyo inataka chaja yenye mpangilio wa lithiamu. Chaja yenye hatua ya kufufua betri za risasi, inayopandisha volti juu sana, usiielekeze huko.

Sasa fyuzi, na hapa ndipo ninapokuwa mkali. Watu hudhani fyuzi ni ya kuilinda chaja. Chaja ya ampea 5 haiwezi kuunguza gari, umeme wake ni mdogo na yenyewe inajizima. Hatari iko upande wa pili. Betri ile ile inayozungusha stata, mota ya kuwashia injini, ina uwezo wa kumwaga mamia ya ampea, na waya wako mwembamba umeunganishwa nayo saa zote, chaja iwepo isiwepo, gari likiwa limeegeshwa au liko kwenye mwendo wa kasi. Waya huo ukichubuka na kugusa bodi, unakuwa mwekundu kabla hujajua kuna nini. Kwa hiyo fyuzi inakaa kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri, sentimita 15 au 20 hivi, ili kila kinachofuata baada yake kiwe kimelindwa. Fyuzi iliyowekwa mwishoni karibu na soketi ni pambo. Kwa chaja ya ampea 5 na waya wa milimita mraba 1.5, naweka fyuzi ya 7.5 au 10: juu ya kile chaja inachotoa, chini ya kile waya unachoweza kubeba.

Jambo la pili ni mahali pa kufunga hasi. Kwenye gari la zamani, kichwa cha pete cha waya wa hasi kinaingia kwenye nati ya terminali ya betri na kazi imeisha. Kwenye magari mengi ya siku hizi utaona kisanduku kidogo kimebanwa kwenye terminali ya hasi, kikiwa na waya mwembamba wa data. Hicho kinapima umeme wote unaoingia na kutoka, na kompyuta inatumia hesabu yake kuamua oltaneta ichaji kiasi gani. Ukifunga hasi ya chaja moja kwa moja kwenye nguzo ya betri, umeme unapita nyuma ya mgongo wa kipimo. Betri imejaa, gari linaamini bado ina njaa. Funga hasi kwenye bolti ya bodi, chuma kitupu kisicho na rangi, mahali ambapo mtengenezaji mwenyewe ameweka ardhi ya umeme.

Kazi yenyewe ina mpangilio usiobadilika. Kabla ya yote shusha vioo kidogo na uhakikishe buti au boneti haitajifunga ikakuacha nje. Magari mengi ya spoti yana milango isiyo na fremu. Kioo hushuka kidogo kila unapovuta kishikio ili kipite kwenye raba ya paa. Umeme ukikatwa hakishuki, na ukifunga mlango kwa nguvu utaumiza raba au kioo. Kisha fungua hasi ya betri kwanza. Spana ikigusa bodi wakati unafungua hasi, hakuna kitu. Ikigusa wakati unafungua chanya huku hasi bado imefungwa, unaweza kuichomelea spana hapo hapo. Wakati wa kurudisha, chanya inatangulia na hasi inamalizia.

Kupitisha waya ndiko kunakokula muda, na sioni aibu kutumia nusu ya kazi hapo. Usipite karibu na ekzosi, mkanda wala feni. Kila tundu la bati linalopitiwa na waya liwe na raba, kwa sababu mtikisiko wa miezi mingi hufanya kazi ya msumeno. Ingiza nyaya kwenye mrija wa plastiki wenye mikunjo, funga kwa vifungo vya plastiki kila baada ya kiganja, na acha ulegevu kidogo mahali ambapo kitu kinafunguka. Soketi naipendelea nyuma ya uwazi wa bampa au kando ya mkanda wa raba wa buti. Chagua plagi ambayo upande wa gari, pini ya chanya imejificha ndani ya plastiki, maana upande huo una umeme daima.

Kupima ni haraka. Weka mita kwenye soketi: isome volti za betri, na chanya iwe chanya. Chomoa fyuzi: isome sifuri. Irudishe, chomeka chaja kwenye gari kwanza, ndipo kwenye umeme wa ukutani. Ukitoa, anza na wa ukutani. Betri inayochajiwa hutoa hidrojeni, na cheche ikitokea ni heri itokee mbali na betri.

Waya huu usitumike kuwasha gari lingine wala kulisaidia lenyewe kuwaka. Stata inavuta mamia ya ampea na hapa fyuzi itakatika mara moja, ikiwa na haki yake.

Na elekeza mdomo wa soketi upande ambao gari likiondoka plagi itachomoka yenyewe. Kuna siku mwenye gari ataingia, atawasha, na kuondoka na waya ungali umechomekwa. Plagi ya kubana kwa msuguano inatoka tu. Yenye kufuli inaondoka na chaja, au na kipande cha bampa.