Kupima kazi ya kitaaluma ya mhadhiri wa kompyuta ni kupima nini?

Chuo kikuu kinapofikiria kumpandisha cheo mhadhiri, au kumpa ajira ya kudumu baada ya miaka ya majaribio, huangalia ufundishaji wake, huduma yake kwa chuo na jamii, na kazi yake ya kitaaluma. Hii ya mwisho ndiyo nzito. Ni maarifa mapya aliyoyazalisha akayaweka hadharani, wenzake wa fani wakayachunguza na kuyatumia. Kuitathmini ni kuuliza: fani imepata nini ambacho isingekipata bila yeye?

Swali ni lilelile kwa mwanahistoria na kwa mkemia. Kinachobadilika ni mahali pa kutafuta jibu, na hapo ndipo kamati za upandishaji vyeo hupotea zinapofungua faili la mtu wa kompyuta.

Wajumbe wengi wa kamati hizo wamekulia katika desturi ya majarida. Kwao mkutano ni mahali pa kuonyesha kazi ambayo bado haijakomaa, na ikisiri yatosha kukubaliwa. Kwenye kompyuta, mtafiti hutuma makala kamili kabla ya tarehe ya mwisho. Wahakiki watatu au wanne huisoma, mara nyingi bila kujua ni ya nani. Mikutano mingi humpa siku chache za kujibu hoja zao, kisha kamati ya mkutano hujadiliana na kuchagua. Ile mikutano yenye hadhi mara nyingi huchukua robo tu ya makala au chini ya hapo. Desturi hii imezaliwa na kasi ya fani: uhakiki wa jarida unaweza kuchukua mwaka au zaidi, na kufikia hapo watu wameshasonga mbele. Makala iliyoeleza injini ya utafutaji ya Google ilitolewa mkutanoni Brisbane mwaka 1998. Ile ya 2017 iliyoleta transfoma, muundo unaobeba mifumo mikubwa ya lugha ya leo, nayo ilitoka mkutanoni.

Ndiyo maana mwaka 1999 David Patterson, Lawrence Snyder na Jeffrey Ullman waliandika mwongozo kwa niaba ya CRA, jumuiya ya utafiti wa kompyuta ya Amerika Kaskazini, wakawaeleza viongozi wa vyuo kwamba makala ya mkutano wenye ushindani ni uchapishaji kamili. Idara yenye busara huweka maelezo hayo ndani ya faili, ukurasa mmoja tu, kabla kamati haijaanza kuhesabu majarida.

Hata hivyo, kukubaliwa mkutanoni si kipimo cha kumaliza mjadala. Mwaka 2014 mkutano mkubwa wa ujifunzaji wa mashine (kuifunza kompyuta kwa data), NIPS, ulizipa kamati mbili makala zilezile 166 bila kushauriana. Zilitofautiana kuhusu makala 43, na zaidi ya nusu ya zilizokubaliwa na kamati moja zilikataliwa na nyingine. Anayehesabu makala za mkutano fulani na kuishia hapo, sehemu ya anachokihesabu ni bahati.

Kuna kazi ngumu zaidi kuipima: mifumo, yaani programu na mitambo ya kompyuta anayoijenga mtafiti. Mtu anaweza kutumia miaka mitano kujenga kitu akatoka na makala mbili. Chukua Postgres, hifadhidata ambayo Michael Stonebraker na wenzake walianza kuijenga katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1986. Hifadhidata za wakati ule zilijua aina chache za data: namba, tarehe, maandishi. Postgres ilimruhusu mtumiaji aongeze aina yake mwenyewe, na leo PostGIS, inayohifadhi ramani na maumbo ya kijiografia, imejengwa juu ya uwezo huohuo. Hapo utafiti ni lile wazo la upanuzi, na ushahidi ni kwamba mfumo uliojengwa ulilifanya lifanye kazi kwelikweli. Kwa hiyo mpimaji wa mfumo aulize ni jambo gani halikujulikana kabla haujajengwa, na kuujenga kumethibitisha nini. Idadi ya wanaoupakua peke yake haitoshi, kwani programu inaweza kupendwa na wengi bila kuwa na wazo jipya hata moja.

Mpangilio wa majina nao huponza watu. Katika tawi la nadharia ya kompyuta, waandishi hupangwa kwa alfabeti. Katika tawi la mifumo, aghalabu mwanafunzi hutangulia na msimamizi hufunga orodha. Kamati inayohesabu makala za mwandishi wa kwanza tu itamwadhibu msimamizi mzuri kwa sababu amelea wanafunzi vizuri.

Vipi kuhusu manukuu? Fahirisi ya h, iliyopendekezwa na Jorge Hirsch mwaka 2005, ni rahisi: h ya 20 ina maana ya makala 20 zilizonukuliwa angalau mara 20 kila moja. Lakini ujifunzaji wa mashine una watafiti wengi sana, uthibitishaji rasmi wa programu (kuthibitisha kihisabati kwamba programu inafanya inachotakiwa) una wachache, hivyo wa kunukuu nao ni wachache. Kulinganisha namba zao ni dhuluma.

Mwongozo mwingine wa CRA, wa 2015, ulioandikwa na Batya Friedman na Fred Schneider, ulishauri kamati iangalie machapisho matatu hadi matano muhimu zaidi ya anayeomba kupandishwa, mifumo ikiwemo. Ninauunga mkono kwa moyo wote. Ukipewa kazi tano unaweza kuzisoma. Ukipewa sitini utazihesabu tu.

Hilo hubadilisha pia barua za watathmini wa nje. Barua inayosema "ana makala nyingi katika mikutano mikubwa" haiongezi kitu, kwa sababu wasifu umeshasema hivyo. Waombwe waeleze tatizo lilivyokuwa kabla ya kazi husika, nani ameiendeleza, na katika kazi ya kikundi, kipi kingekosekana kama mwombaji asingekuwemo.