Je, mwongoza wageni wa kujitolea lazima awe msomi wa sanaa?

Wengi huamini kwamba anayejitolea kuongoza wageni katika makumbusho ya sanaa lazima awe amesomea historia ya sanaa chuoni, na kazi yake ni kukariri tarehe na majina ya wachoraji. Dhana hiyo inaeleweka: anayeizungumzia picha bila kusitasita huonekana mtaalamu.

Kwa kawaida makumbusho huwafundisha watu hawa yenyewe, mara nyingi kwa miezi kadhaa, na wengi wao wametoka katika kazi zisizohusiana na sanaa. Historia ya picha ni sehemu tu ya mafunzo. Kilicho kigumu zaidi, kwa maoni yangu, ni kuuliza kisha kunyamaza. "Unaona nini hapa?" Mgeni akijibu kwamba mwanamke pichani ana huzuni, huulizwa ameiona wapi: kwenye mabega yaliyoinama, au ule mwanga hafifu wa dirishani? Anayeanza kazi hii hukiogopa kimya hicho kuliko swali lolote.

Ukitaka kuhakikisha, soma tangazo la makumbusho linalotafuta watu wa kujitolea, uone sifa zinazotakiwa. Machache hudai shahada. Au jiunge na ziara moja, usikilize ni nani anayezungumza zaidi.