Middlesex: kaunti iliyofutwa, na kura 1,143 zilizotupwa

Mtaani kwangu Harrow, kaskazini-magharibi mwa London, bado kuna wazee wanaoandika "Middlesex" kwenye bahasha. Kaunti hiyo ilifutwa tarehe 1 Aprili 1965. Haina baraza wala bajeti. Jina lake limebaki kwa timu ya kriketi inayochezea uwanja wa Lord's, kwa chuo kikuu kimoja, na kwenye bahasha hizo. Kazi yangu ni historia ya uchaguzi, na kila nikiiona anwani hiyo nakumbuka Aprili nyingine, ya mwaka 1769, wakati wapiga kura wa Middlesex walipomchagua mtu yuleyule kwa mara ya nne na Bunge likawaambia kwa mara ya tatu kwamba hapana.

Tuanze na kaunti yenyewe. Neno "kaunti" tulilolizoea kutoka Kenya limetoka huku. Middlesex ilikuwa kaskazini mwa mto Thames, imeuzunguka mji wa London. Tangu karne ya 13 karibu kila kaunti ya Uingereza ilituma wawakilishi wawili Bungeni, kwa sababu mfalme alihitaji ridhaa ya wenye ardhi kabla ya kuwatoza kodi. Mwaka 1430 ikapitishwa sheria kwamba anayepiga kura ya kaunti awe na ardhi au nyumba yake mwenyewe yenye pato la shilingi 40 kwa mwaka. Wakati huo shilingi 40 zilikuwa fedha za kweli. Nia ilikuwa kuwazuia wanyonge.

Lakini thamani ya shilingi ilishuka, na sheria haikubadilishwa. Kufika karne ya 18, shilingi 40 zilikuwa pato la nyumba ndogo ya fundi. Katika kaunti nyingi jambo hili halikuleta mabadiliko makubwa, maana mpiga kura mdogo alikuwa chini ya kabaila wa eneo lake na alipiga kura alikoelekezwa. Middlesex ilikuwa tofauti. Mji ulikuwa umeshaingia ndani ya kaunti. Katika parokia kama Whitechapel na Stepney kulikuwa na wenye maduka, watengeneza pombe na mafundi wenye nyumba zao, wasio na kabaila wa kumwogopa. Sheria iliyotungwa kuwafungia watu nje ndiyo iliyowaingiza ndani. Pasipo kulielewa hili, mkasa wa 1769 hauwezi kueleweka.

Idadi ya viti nayo ilikuwa dhuluma ya wazi. Middlesex ilikuwa na wabunge wawili wa kaunti, wanne wa Jiji la London na wawili wa Westminster. Jumla ni wanane. Sensa ya 1801 ilihesabu watu zaidi ya 800,000 ndani ya mipaka yake. Cornwall, kule pembeni kabisa kusini-magharibi, ilikuwa na watu wasiofika 200,000 na ilituma wabunge 44, kwa sababu wafalme wa zamani waliwapa vijiji vya huko hadhi ya miji yenye viti. Old Sarum, kilima chenye magofu huko Wiltshire, kilikuwa na wabunge wawili, sawa na kaunti nzima ya Middlesex.

Sasa tuje Brentford. Mji huu mdogo, karibu kilomita 13 magharibi mwa London ya wakati ule, ndio uliokuwa mahali pa kupigia kura ya kaunti. Hakukuwa na kura ya siri, maana hiyo ilikuja mwaka 1872. Ulipanda jukwaani, ukataja jina lako na mahali ilipo mali yako, kisha ukatamka kwa sauti unamchagua nani, mbele ya sherifu, makarani na umati. Karani aliandika. Baadaye madaftari hayo yalichapishwa yakauzwa. Kwa mwenye nyumba wa wakati ule yalikuwa hatari. Kwangu mimi ni hazina, kwa kuwa naweza kumfuata mpiga kura mmoja mmoja kutoka uchaguzi huu hadi ule. Nimeshatumia miezi mingi ya maisha yangu juu ya majina hayo, na sijawahi kuchoka nayo.

Mwezi Machi 1768 alifika Brentford John Wilkes. Miaka mitano kabla, katika toleo la 45 la gazeti lake, *North Briton*, aliishambulia hotuba ya mfalme. Serikali ilimkamata kwa hati ya jumla isiyotaja jina la mtu, mahakama ikamwachia, akakimbilia Ufaransa, Bunge likamfukuza. Aliporudi, bado akitafutwa na sheria, aligombea kwanza kiti cha Jiji la London akashika mkia. Siku chache baadaye akajaribu Middlesex.

Barabara ya kwenda Brentford ilijaa wafuasi wake, wenye utepe wa buluu kofiani. Namba 45 ilichorwa kwa chaki kwenye milango na magari ya farasi. Inasimuliwa kwamba balozi wa Austria alitolewa garini akaandikwa 45 kwenye nyayo za viatu. Matokeo: Wilkes kura 1,292, George Cooke 827, Sir William Beauchamp Proctor 807. Wawili wa kwanza wakawa wabunge. Ukifungua daftari unawaona wale wenye nyumba ndogo wa parokia za mjini, safu kwa safu, wakimtaja Wilkes.

Yaliyofuata yalikwenda kasi. Wilkes alijisalimisha mahakamani. Tarehe 10 Mei 1768 umati ulikusanyika nje ya gereza lake, kwenye viwanja vya St George's Fields, na askari wakawafyatulia risasi watu na kuwaua. Mwezi Juni alihukumiwa kifungo cha miezi 22. Alipochapisha barua ya waziri iliyotangulia mauaji yale, pamoja na maneno makali yake mwenyewe, serikali ikapata sababu iliyokuwa ikiitafuta.

Tarehe 3 Februari 1769 Bunge lilimfukuza. Tarehe 16 Februari Middlesex ikamchagua tena bila mpinzani. Kesho yake Bunge likaamua kwamba aliyefukuzwa hawezi kuchaguliwa katika Bunge lile. Tarehe 16 Machi wakamchagua tena, na siku iliyofuata uchaguzi ukafutwa. Safari hii serikali ikatafuta mtu wa kusimama dhidi yake, Kanali Henry Luttrell, aliyeacha kiti chake kingine ili aje kugombea. Tarehe 13 Aprili Wilkes alipata kura 1,143. Luttrell alipata 296. Siku mbili baadaye Bunge likatangaza kwamba mbunge halali wa Middlesex ni Luttrell.

Huwa naambiwa kwamba Wilkes hakuwa mtu wa kuigwa, na ni kweli: madeni, uasherati, maandishi machafu. Wapiga kura walijua hayo yote. Swali walilolishika halikuhusu tabia yake. Waliuliza: akishachaguliwa mtu ambaye sheria haimkatazi kugombea, Bunge linapata wapi mamlaka ya kusema hafai? Na likiwa nayo, kwa nini lisiwafukuze wote wasiolipendeza na kuwaweka walioshindwa? Kuanzia hapo kaunti na miji mingi ikaanza kupeleka malalamiko kwa mfalme, watu ambao hawakuwahi kukanyaga Brentford. Bunge la South Carolina, ng'ambo ya Atlantiki, lilipiga kura kutoa pauni 1,500 kuwasaidia watetezi wa Wilkes, na huko Pennsylvania kuna mji mpaka leo unaoitwa Wilkes-Barre.

Wilkes alitoka gerezani mwaka 1770, na mwaka 1774 akawa Meya wa London na tena mbunge wa Middlesex, safari hii bila kuzuiwa. Mwaka 1776 alisimama Bungeni akataka viti vigawanywe kwa haki na miji iliyokufa inyang'anywe viti vyake. Hawakumsikiliza. Lakini kila mwaka aliwasilisha hoja kwamba uamuzi wa 1769 ufutwe, na tarehe 3 Mei 1782 alishinda. Bunge liliamuru maandishi yale yafutwe kwenye kumbukumbu zake kwa kuwa yalivunja haki za wapiga kura wa ufalme wote.

Mwaka 1967 Baraza la Wawakilishi la Marekani lilikataa kumpokea Adam Clayton Powell, mbunge wa Harlem, New York, likimtuhumu kutumia vibaya fedha. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya huko, na mwaka 1969, miaka 200 baada ya Brentford, Jaji Mkuu Earl Warren aliandika kwamba Baraza halikuwa na mamlaka ya kumkataa mtu aliyetimiza masharti ya katiba. Ndani ya hukumu ile Warren alisimulia kwa kirefu habari ya Wilkes.

Yaliyobaki ya Middlesex ni hesabu ya kugawanyika. Mwaka 1832 Tower Hamlets, Finsbury na Marylebone zilipewa wabunge wawili kila moja. Mwaka 1885 kaunti iliyobaki ilikatwa majimbo saba ya mbunge mmoja mmoja, Harrow ikiwamo. Mwaka 1889 sehemu ya mjini ilichukuliwa kuunda Kaunti ya London. Reli za chini ya ardhi zilipofika mashambani nyumba zikaota kila mahali: mwaka 1918 majimbo yalikuwa 17, na mwaka 1945 yalipita 20. Finchley, iliyomchagua Margaret Thatcher mwaka 1959, ilikuwa Middlesex wakati huo. Waasia wengi kutoka Kenya na Uganda walipohamia Wembley, Southall na Harrow mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwaka 1972, walikuta kaunti imeshafutwa ila majimbo bado yalifuata ramani yake. Uchaguzi wa Februari 1974 ndio ulioleta mipaka iliyofuata manispaa mpya za London.

Nikipata wageni kutoka nyumbani, huwa nawapeleka uwanja wa Bunge, Westminster. Wote hupiga picha na saa kubwa. Mimi huwageuza watazame ng'ambo ya pili, kwenye jengo la mawe meupe liitwalo Middlesex Guildhall, ambamo baraza la kaunti lilikutana hadi lilipovunjwa. Tangu 2009 ni Mahakama ya Juu ya Uingereza. Tarehe 24 Septemba 2019 majaji 11 waliamua humo, kwa kauli moja, kwamba kulisimamisha Bunge kwa wiki tano hakukuwa halali, na kesho yake wabunge walirudi kwenye viti vyao.