Eti sayansi ya nyumbani haiwezekani bila maabara?

Ukisema tu watoto wako wanasomea nyumbani, watu wanakurukia: sasa sayansi watafanyia wapi? Mengi yanayosemwa hapo hayana ukweli.

Dhana: bila maabara hakuna vitendo

Kwa mtoto wa shule ya msingi, kamba na nati mbili za bolti zinatosha kabisa. Ning'iniza nati moja mlangoni na kabla hamjagusa kitu muulize, tukiongeza ya pili itabembea haraka zaidi? Wengi watasema ndiyo. Haya, apime kwa stopu wochi ya simu, ila asipime bembeo moja maana kidole kinachelewa, ahesabu kwenda na kurudi mara 10 halafu agawanye. Atakuta uzito haubadilishi kitu, kinachobadilisha ni urefu: kamba ya sentimita 25 inachukua kama sekunde 1, ya mita 1 kama sekunde 2, yaani kamba imerefuka mara nne lakini muda umeongezeka mara mbili tu, na hapo maswali yataanza yenyewe. Angalizo, nati zikae usawa mmoja, ukizifunga moja chini ya nyingine umeshabadilisha urefu bila kujua.

Dhana: volkano ya siki na baking soda ikitoa povu, tumemaliza

Hiyo ni shoo tu bana. Chukueni chupa, siki kipimo kilekile, baluni mdomoni, halafu mbadilishe baking soda pekee: nusu kijiko, kimoja, viwili, na kila mara mpime mzunguko wa baluni. Itafika mahali mnaongeza na baluni haikui tena, kwa sababu siki imeisha nguvu.

Dhana: jaribio likigoma, mzazi umefeli

Hapa ndipo wazazi wengi wanapoharibu, taa ikikataa kuwaka wanakimbilia kuitengeneza wenyewe. Tuseme mmechomeka msumari wenye zinki na kipande cha shaba kwenye ndimu: mtapata chini kidogo ya volti 1, wakati LED nyekundu, kile kitaa kidogo chenye miguu miwili, inataka karibu 2, kwa hiyo lazima igome. Mwache ahangaike kidogo, aongeze ndimu mpaka tatu au nne kwa mfululizo (shaba ya moja iungwe na zinki ya inayofuata), ageuze miguu ya LED, azime taa ya chumba maana mwanga wake ni hafifu mno. Halafu umeme wenyewe hautoki kwenye ndimu kama wengi wanavyodhani, zinki ndiyo inayoliwa taratibu.

Dhana: teknolojia ni kununua roboti

Wapi! Scratch, programu ya kuwafundisha watoto kuandika programu za kompyuta iliyotengenezwa na chuo kikuu cha MIT cha Marekani, iko bure tangu 2007, na wa miaka 5 hadi 7 wana toleo lao rahisi, ScratchJr. Hata kompyuta si lazima mwanzoni, mtoto akuandikie maelekezo ya kutoka mlangoni hadi dirishani na wewe uyafuate neno kwa neno, ukigonga meza arudi kusahihisha.

Dhana: lazima mzazi awe amesomea sayansi

Si lazima, mnaweza kujifunza pamoja. Ila usalama ujue wewe kwanza, hapo sina utani. Betri ndogo za duara kama kifungo zikimezwa zinaweza kuunguza koo la chakula ndani ya saa 2, hivyo kimbia hospitali, usisubiri dalili. Na dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini isikutane na siki kamwe, inatoa gesi ya sumu.